Ubao wa swichi za pointi za treni ya mfano: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akishatandika reli zake mezani, kinachofuata kumkaa kichwani ni ubao: ramani ya njia imechorwa juu yake, kila penye pointi, yaani mahali njia inapogawanyika, pana swichi, na taa nyekundu na kijani zinapendeza. Basi anakwenda kununua swichi. Hapo ndipo anapoanza kukosea, kwa sababu ubao unaanzia chini ya meza, kwenye mota inayosukuma ndimi za pointi, zile reli fupi zinazosogea kuielekeza treni. Karibu kila dhana potofu kuhusu kazi hii inatokana na kusahau hilo.

"Swichi ni swichi, yoyote itafaa"

Mota zinazotumika sana ni za aina tatu, na hazifanani tabia. Ya koili mbili, kama PL-10 ya Peco, ni sumaku ya umeme: koili moja inavuta kushoto, nyingine inavuta kulia. Inataka pigo moja fupi la umeme, basi. Ya mwendo wa polepole, kama Tortoise ya Circuitron, hukaa na umeme wa DC muda wote, na hugeuka pale chanya na hasi zinapobadilishana. Ya tatu ni servo, ambayo haiongozwi na swichi moja kwa moja. Inasubiri mapigo ya milisekunde 1 hadi 2, yanayorudiwa kila milisekunde 20 hivi, kwa hiyo lazima pawe na saketi ya kuyatengeneza, mfano kompyuta ndogo ya Arduino.

Koili, basi, zinataka kitufe kinachorudi chenyewe ukikiachia. Tortoise inataka swichi ya kugeuza yenye pini sita. Igeuze uitazame nyuma: pini zimepangwa tatu kushoto, tatu kulia. Nyaya za mota zinakwenda kwenye pini mbili za katikati, umeme unaingia kwenye mbili za juu. Halafu pini ya juu kushoto unaiunganisha na ya chini kulia, na ya juu kulia na ya chini kushoto. Msalaba huo mdogo wa nyaya ndio unaobadilisha chanya na hasi. Ukiufunga kwenye mota ya koili, utaiunguza.

"Volti 16 ni umeme mdogo, haziwezi kuunguza kitu"

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu mota nyingi. Koili hizi zina ukinzani wa omu 4 au 5 hivi. Gawanya 16 kwa 4 unapata ampea 4. Zidisha kwa volti unapata wati 64, na zote zinaishia ndani ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kikopo cha plastiki. Kwa robo sekunde hakuna neno. Zikipita sekunde kadhaa unaanza kusikia harufu ya vanishi, na ukiisikia ujue koili imeshaharibika. Kitufe nacho si kinga kamili, kwani cheche za ampea 4 hula vigusio vyake, na siku moja vinaweza kushikana visiachiane.

Dawa yake ni kifaa cha kuhifadhi chaji ambacho wapenzi wa reli hukiita CDU. Wengi wanakiona anasa, kitu cha kuongeza baadaye. Mimi naona kiwepo kabla ya swichi ya kwanza. Ndani yake mna kapasita kubwa, mara nyingi ya mikrofaradi 2200 au 4700, inayojazwa polepole kisha humwaga chaji yote kwa mkupuo unapobonyeza. Kapasita ya mikrofaradi 4700 ikijazwa hadi volti 24 inabeba nishati ya takriban jouli 1.35. Kwa namba haitishi, lakini kwa kuwa inatoka yote kwa mpigo, ndimi za pointi hugonga kwa nguvu. Baada ya hapo kapasita ni tupu. Hata kidole kikisahaulika kwenye kitufe, koili inapata ule mkondo mdogo wa kujazia tu.

Ukikiunda mwenyewe kwa njia rahisi kabisa, yaani daiodi, rezista na kapasita, kumbuka kwamba kidole kikikawia joto linahamia kwenye rezista, kwa hiyo iwe ya wati za kutosha. Miundo mizuri zaidi ina transista inayokata chaji hadi uachie kitufe. Kwa Tortoise, CDU haina kazi.

"Waya wowote, mradi umeme upite"

Pointi iliyo umbali wa mita 5 inahitaji waya wa mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 0.22 wa urefu huo una karibu omu 0.8, na kwa ampea 4 zaidi ya volti 3 zinapotelea njiani. Mota inavuta kivivu, mwenyewe anailaumu mota. Tumia milimita mraba 0.5 na hasara inapungua kwa zaidi ya nusu. Tortoise inakula miliampea 15 au 16 tu, yenyewe iunganishe hata kwa waya wa simu.

"Taa ya kijani imewaka, kwa hiyo pointi imegeuka"

Taa iliyounganishwa na swichi inaonyesha ulichoagiza. Kilichotokea chini ni habari nyingine. Punje moja ya kokoto ikijibana kati ya ulimi na reli, taa itawaka kijani vilevile, na injini itachukua njia moja huku behewa likichukua nyingine. Reli halisi zililijua tatizo hili zamani: John Saxby alipata hataza ya mfumo wa kufungamanisha pointi na ishara mwaka 1856, na siku hizi ishara haimruhusu dereva mpaka vigusio vithibitishe kwamba ndimi zimekaa sawasawa.

Mezani unaweza kusogea karibu na hapo kwa kuwasha taa kupitia vigusio vya mota yenyewe. Tortoise inavyo tayari, seti mbili. Seti moja itumie kubadilisha umeme wa kile kipande cha V katikati ya pointi, maana ikiwa ni cha chuma na hakibadilishiwi umeme, injini itazimika au kuleta shoti hapo, na utasugua reli bure ukidhani ni uchafu. Hata hivyo vigusio hivyo vinaonyesha mota imefika wapi, si ndimi. Kama pointi zote unaziona ulipokaa, taa ni mapambo. Ukizitaka, LED nyekundu kwenye volti 12 inatosheka na rezista ya omu 1000.

"Kupanga njia nzima kwa kitufe kimoja ni kazi ya kompyuta"

Miaka ya 1950 klabu ya reli za mfano ya chuo cha MIT, Marekani, iliendesha mtandao wake kwa relei za simu, yaani swichi zinazogeuzwa na umeme wenyewe. Wewe huhitaji hata relei. Kwa mota za koili, safu ya daiodi inatosha: kitufe kimoja kinapeleka pigo kwenye koili tatu, na daiodi zinazuia umeme usirudi nyuma kugeuza pointi ambazo hukuzikusudia. 1N5401, ya ampea 3, inastahimili vizuri. Angalia tu kapasita ya CDU iwe kubwa ya kutosha koili zote kwa mkupuo mmoja.

"DCC imeua ubao"

DCC, mfumo wa kidijitali wa kuongoza treni za mfano kwa amri zinazopita kwenye reli, inageuza pointi vizuri, ila kwa namba. Treni ikiwa inakaribia, kukumbuka ipi ni pointi namba 14 ni shughuli, ilhali kwenye ubao unabonyeza pale unapoona. Ndiyo maana wengi wanaendesha injini kwa DCC na pointi kwa ubao, zikiwa na transfoma yake peke yake ili mapigo ya koili yasiyumbishe umeme wa reli. Transfoma hiyo iwe ya kiwandani, imefungwa kwenye kasha lake, na ikae nje ya ubao: umeme wa ukutani hauna shughuli yoyote mle ndani.