Kura ya maoni huamuliwa siku mjumbe anapopatikana

Kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea ubunge, zikiisha, watu walioanguka hunijia. Kazi yangu ni kanuni za vyama: nazisoma, nazifundisha kwenye semina za makada hapa Mbeya na mikoa jirani, na anayetaka kukata rufaa namsaidia kuiandika. Watia nia hawa huja na ushahidi wa kila aina: sauti zilizorekodiwa kwa simu, picha za bahasha, majina ya nyumba za wageni walimolazwa wajumbe, wale wanaopiga kura hizo, usiku wa kuamkia kura. Nawasikiliza, nikijua wameumia kweli. Kisha nawauliza swali ambalo wengi hawakulitarajia: hawa wajumbe walichaguliwa lini, na siku hiyo wewe ulikuwa wapi?

Wengi walikuwa Dar es Salaam au Dodoma wakitafuta maisha. Walirudi nyumbani mwaka wa uchaguzi, wakachukua fomu, wakakuta watu wa kupiga kura wameshapatikana na wana wenyewe.

CCM hufanya uchaguzi wake wa ndani kila baada ya miaka mitano. Ulifanyika 2017, ukafanyika tena 2022, ukianzia shina na tawi, ukapanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Sasa piga hesabu. Wajumbe waliopiga kura za maoni Julai 2020 walikuwa zaidi viongozi wa chama na jumuiya zake waliopatikana mwaka 2017. Waliopiga Agosti 2025 walitokana na safu za 2022. Kwa hiyo mtia nia anayeanza kuhangaika miezi miwili kabla ya kura amechelewa kwa karibu miaka mitatu. Mwenzake aliyeshiriki uchaguzi wa matawi, akawasimamisha watu wake, akawalipia ada ya kadi, akahudhuria misiba yao, huyo alishapiga kampeni wakati hakuna aliyeiona kuwa kampeni.

Uzito wa jambo hili unatokana na sheria za nchi. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hana nafasi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania nafasi hiyo kwa karibu miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1994, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Ibara bado iko palepale. Ukifungiwa mlango wa chama chako, unabaki na mawili: kuhama au kukaa kimya miaka mitano. Ndiyo maana ugomvi wa wajumbe unakuwa mkali kuliko hata ugomvi wa uchaguzi mkuu, hasa kwenye majimbo ambayo kupitishwa na chama ni sawa na kushinda.

Idadi ya wanaopiga kura imekuwa ikibadilika, na kila mabadiliko yamehamisha nguvu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2010 na 2015 CCM iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni. Mwaka 2020 kura zikarudi kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, na majimbo mengi yakaamuliwa kwa mamia tu ya kura. Ni mwaka uleule ambao zaidi ya watu 10,000 nchi nzima walichukua fomu, na neno “wajumbe” likageuka utani wa vijiweni. Kyela, aliyekuwa waziri wa habari, Harrison Mwakyembe, aliangushwa. Uwaziri haukumsaidia kitu mbele ya watu wa matawini. Mwaka 2025 chama kikapanua tena wigo, kura zikapigwa kwenye kata, na hesabu za majimbo zikawa za maelfu.

Mimi naunga mkono upanuzi huo, na sababu yangu ni nauli.

Anayesoma haya akiwa mjini afikirie mjumbe wa Ludewa anayetoka Lupingu au Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anayetakiwa kupanda milima hadi mkutano wa jimbo. Afikirie mjumbe wa Makete katika baridi ya Julai. Kura za maoni huangukia Julai na Agosti, wakati Mbozi wako kwenye kahawa na Mbarali baadhi bado wana mpunga wa kupura. Mjumbe anaacha kazi, anatafuta usafiri, analala ugenini, na chama mara nyingi hakimlipi inavyotosha. Anatokea mpambe wa mtia nia, anamwambia mama au mzee huyo asihangaike, gari lipo, chakula kipo, pa kulala papo. Hakuna aliyesema neno “rushwa”. Lakini mjumbe ameshaingia kwenye gari la mtu, analala kwenye kambi ya mtu, na asubuhi anaingia ukumbini na kundi la mtu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa hadi mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, na Mahakama Kuu ilishaifuta takrima, yaani “ukarimu” wa mgombea kwa wapiga kura, tangu 2006. Nauli hupenya katikati ya sheria hizo kwa sababu inafanana na msaada. Kura ikipigwa kwenye kata ya mjumbe mwenyewe, gari hilo linakosa kazi. Na wajumbe wakiwa maelfu, bahasha zinakuwa nyingi mno hata kwa mwenye fedha. Hongo haijaisha, ila imepanda bei.

Tusidhani haya ni ya chama kimoja. Mei 2024 Chadema Kanda ya Nyasa ilichagua mwenyekiti wake Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ya kwenda Mbeya. Kanda hiyo inabeba Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa. Waligombea wawili waliowahi kuwa wabunge kwa miaka kumi kila mmoja, 2010 hadi 2020: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, wa Mbeya Mjini, na Mchungaji Peter Msigwa wa Iringa Mjini, aliyekuwa akitetea kiti. Sugu alipata kura 54, Msigwa 52. Msigwa aliulalamikia mwenendo wa uchaguzi, na mwishoni mwa Juni akapokelewa CCM.

Tofauti ya kura mbili. Ukumbi wa watu mia moja na kitu ukibeba mikoa mitano, wajumbe watatu waliokwama njiani kutoka Sumbawanga, au watatu walioingia kwa wilaya ambayo uongozi wake una mgogoro, wanatosha kuligeuza tokeo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Makambako. Nasema kwamba katika hesabu za namna hiyo anayeshindwa atakuwa na shaka daima, na dawa ya shaka hiyo ni orodha ya wajumbe iliyokubaliwa na pande zote kabla ya mtu yeyote kupanda basi.

Kwenye semina zangu huwa nawapa makada mfano wa Marekani, kwa kuwa unaonyesha jambo hili likiwa uchi. Juni 1912 chama cha Republican kilikutana Chicago. William Howard Taft alikuwa rais aliye madarakani. Theodore Roosevelt, rais aliyemtangulia, alitaka kurudi, na alikuwa amemshinda Taft katika sehemu kubwa ya majimbo yaliyopiga kura za awali. Wajumbe walikuwa 1,078, mshindi alihitaji 540. Viti 254 viligombewa, kila upande ukidai wajumbe wake ndio halali. Shauri likaenda kwenye kamati ya taifa ya chama, ambayo ilikuwa mikononi mwa watu wa Taft. Kamati ikampa Taft viti 235, Roosevelt 19. Baada ya hapo kura yenyewe ilikuwa ya kukamilisha utaratibu: Taft alipita kwa 561. Roosevelt akatoka, akagombea kwa chama kipya, kura za Republican zikagawanyika, na Novemba Woodrow Wilson wa Democratic akachukua nchi.

Ninachowataka makada wakione hapo ni kamati. Waliogombana waliamuliwa na watu ambao nao walikuwa upande mmoja wa ugomvi. Hapa kwetu rufaa ya mtia nia husikilizwa na nani? Na kamati ya siasa, ambayo wajumbe wake wana wagombea wao. Katika rufaa nilizoshiriki kuandika, hoja ngumu kuliko zote imekuwa hiyo: unamwomba mtu aufute ushindi aliousaidia kuupata.

Chadema nayo imeonja upande mwingine wa suala hili. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika uenyekiti wa taifa wa chama kwa kura 513 dhidi ya 482, uchaguzi ambao wengi waliusifu kwa uwazi wake. Mei mwaka huohuo Msajili wa Vyama vya Siasa akasema kikao cha Baraza Kuu kilichofuata, kilichowathibitisha watendaji wakuu wa chama, hakikuwa na akidi. Hata aliyeshinda kihalali anaweza kuvurugwa na swali la nani alihesabiwa kuwa mjumbe na nani alikuwepo ukumbini. Karatasi ya mahudhurio ni silaha. Itunzeni.

Ramani ya majimbo nayo hugeuza hesabu za wajumbe. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya nane, mojawapo Uyole, lililomegwa kutoka Mbeya Mjini. Spika wa wakati huo, Tulia Ackson, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, akaenda kutia nia Uyole. Kila kata iliyohama ilihama na wajumbe wake, na mitandao iliyojengwa kwa miaka ikakatwa vipande viwili.

Juu ya yote haya kuna kukatwa majina. Mjumbe anapendekeza, vikao vya juu vinateua, na vikao hivyo havifungwi na nani aliongoza. Jimbo la Kawe mwaka 2020 aliteuliwa aliyeshika nafasi ya tatu. Iringa Mjini wanakumbuka 2010: Frederick Mwakalebela aliongoza kura za maoni za CCM, chama kikampitisha Monica Mbega aliyekuwa mbunge, na uchaguzi mkuu ukaenda kwa Msigwa wa Chadema. Jimbo likakaa upinzani miaka kumi. Sitaki kusema kukata majina ni kosa daima, maana kuna wanaoongoza kwa fedha chafu na chama kina haki ya kuwakataa. Lakini kukata bila kutaja sababu kunamfundisha mjumbe kwamba kura yake haina thamani, na kura isiyo na thamani huuzwa kwa wepesi. Nimeliona hilo kwa wajumbe waaminifu kabisa, watu wa kanisani na msikitini, wakisema bora tuchukue chochote kwa kuwa wakubwa wataamua wenyewe. Iliniuma.

Julai 26, 2025 mkutano mkuu wa CCM, uliofanyika kwa njia ya mtandao, ulibadili katiba ya chama ili Kamati Kuu iweze kurudisha zaidi ya majina matatu ya watia nia kwa wajumbe. Wapo walioshangilia. Mimi naona bado chujio la kwanza limebaki juu, na mjumbe anachagua kati ya aliochaguliwa.

Ninachokipigania ni kidogo, na hakihitaji fedha: orodha ya wajumbe wa kila kata ibandikwe ukutani mwa ofisi ya chama mwezi mzima kabla ya kura, ikiwa na jina, nafasi, na kikao kilichomchagua. Mwenye pingamizi alitoe wakati huo. Pingamizi lisikilizwe na watu wa wilaya nyingine. Mamluki wengi, yaani wajumbe bandia, wangeonekana mapema, na mjumbe halali asingeweza kuzuiwa mlangoni asubuhi ya kura kwa kuambiwa jina lake halimo.

Uchaguzi wa ndani wa CCM unaofuata, kwa mzunguko wa kawaida, ni 2027. Wewe unayewaza 2030, uwe Mufindi, Kilolo, Rungwe au Wanging’ombe, nenda kwenye tawi lako ukaulize rejista ya wanachama inatunzwa na nani, ilihakikiwa lini mara ya mwisho, na kuna kadi ngapi za karibuni ambazo ada yake imelipwa na mtu mmoja.