Breki haipimwi juu ya jeki

Tuktuk iliingia karakanani kwangu hapa Likoni ikisukumwa na vijana wawili, mwenyewe ameshika usukani na midomo imemkauka. Kwenye mteremko wa feri alikanyaga breki, chombo kikaendelea na safari zake mpaka kikaenda kulibusu lori la unga kwa nyuma. Hakuna aliyeumia, ila taa moja ya mbele ilipasuka na abiria mmoja alishuka bila kulipa.

"Fundi, breki zilipimwa juzi tu," akaniambia. "Waliipiga jeki, wakazungusha gurudumu, wakakanyaga, likasimama papo hapo. Nimeona kwa macho yangu haya."

Nilimwamini. Gurudumu lilisimama kweli, na kosa halikuwa la macho yake. Ule upimaji wenyewe ndio usiosema lolote la maana, na kwa vile nauona kila karakana, leo niueleze kwa hesabu zake.

Karakanani nina baiskeli ya zamani, ya chuma kizito, ambayo wanagenzi wangu huipindua miguu juu. Mpya akija, namwambia azungushe gurudumu la mbele kwa nguvu kisha alisimamishe kwa kubana habu, kile kikombe cha katikati kinachoshika spoki. Hubana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na gurudumu linazunguka tu. Kisha namwambia aguse tairi kwa kiganja. Linasimama, naye anakiangalia kiganja chake kama si chake.

Kinachosimamisha gurudumu ni torki, yaani kani ukizidisha kwa umbali wake kutoka katikati. Kani ileile ikikaa mbali na ekseli ina kauli kubwa; ikikaa karibu, haisikiki. Ni jambo ambalo kila mtu analijua kwa mlango: sukuma karibu na bawaba uone.

Upande wa pili wa mizani kuna ubishi wa gurudumu lenyewe, inesha ya mzunguko. Hapa wengi hudhani ni uzito tu. Uzito umo, lakini la kuuliza zaidi ni umekaa wapi. Rimu na tairi ya baiskeli ile ni kama kilo 2, na karibu zote ziko sentimita 32 kutoka katikati, mfano wa bangili. Inesha yake ni uzito mara umbali mara umbali tena: 2 × 0.32 × 0.32, kama 0.2. Chukua kilo hizohizo 2 uzitandaze kama chapati ya upana uleule, inesha inashuka nusu, 0.1, na chapati itasimama kwa nusu ya muda ukiibana vilevile. Umbali unazidishwa kwa umbali wenyewe, ndiyo maana kuongeza sentimita chache kwenye ukingo kunakugharimu kuliko kuongeza kilo katikati.

Sasa tuzungushe. Mizunguko 3 kwa sekunde ni karibu radiani 19 kwa sekunde (radiani ni kipimo cha pembe, na mzunguko mmoja una kama 6.28). Ukitaka lisimame kwa sekunde 2, torki inayohitajika ni inesha mara kasi, gawanya kwa muda: kama newtoni-mita 1.9. Igawanye kwa umbali upate kani: kwenye tairi hiyo ni msuguano wa newtoni 6, uzito wa kitu kisichofika kilo moja. Kwenye habu, sentimita 2 tu kutoka katikati, ni newtoni 95, karibu kilo 10. Na huo ni msuguano peke yake. Kuupata kwa kidole kwenye chuma kilaini inabidi ubane maradufu na zaidi. Mwanagenzi hakuwa dhaifu, alisimama mahali pabaya.

Nikae kidogo kwenye grainda ya mezani, mashine ya kunolea kwa jiwe, maana ina somo ambalo lilinishangaza hata mimi nilipolipigia hesabu mara ya kwanza. Jiwe lake, upana wa sentimita 20, ni kama kilo 1.7, na linazunguka mara 2,850 kwa dakika. Inesha yake haifiki 0.009, yaani ni ndogo mara ishirini na kitu kuliko ya gurudumu la baiskeli. Ukilizima umeme ukaliwekea torki ileile ya 1.9, litasimama kwa sekunde 1.3 hivi, kabla ya baiskeli! Lakini baiskeli itakuwa imezunguka mara 3 tu, na jiwe mara 31. Nishati inahesabiwa kwa kasi mara kasi: baiskeli imebeba jouli 36 hivi, jiwe karibu 380, na zote zitageuka joto pale unapogusa. Ukingo wa jiwe unapita kwa kilomita 107 kwa saa. Kwa hiyo kijana anayelisimamisha kwa kipande cha ubao ubavuni, ati ana haraka ya kwenda kula, namfukuza siku hiyohiyo. Jiwe la grainda halikutengenezwa kubanwa ubavu. Likipasuka, vipande havichagui jicho la nani. Zima, ngoja, litasimama lenyewe.

Turudi kwa tuktuk. Gurudumu lake ni dogo, sentimita 20 kutoka katikati hadi lami, na likiwa limening'inia juu ya jeki inesha yake tuseme ni 0.11. Lizungushe mara 3 kwa sekunde, ulisimamishe kwa sekunde moja. Viatu vya breki, vile vipande vinavyotanuka ukikanyaga, vinasugua dramu, kile kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu, kama sentimita 8 kutoka katikati, basi msuguano unaohitajika hapo ni newtoni 26. Hata kiatu kilicholowa kinakupa hizo.

Shusha jeki, tia abiria. Chombo na watu wake tuseme kilo 650, na sasa gurudumu haliwezi kusimama mpaka zisimame hizo kilo zote, maana zimefungwa nalo kupitia lami. Kwa hesabu ya mzunguko, ni sawa na kuzibandika kilo 650 kwenye ukingo wa magurudumu: 650 × 0.2 × 0.2, jumla 26. Gawanya kwa matatu, kila gurudumu limebebeshwa karibu 8.7 badala ya 0.11. Mzunguko uleule, sekunde ileile moja, msuguano kwenye dramu unapanda kutoka newtoni 26 hadi 2,000 na ushei. Hapo ni barabara tambarare. Kwenye mteremko wa feri, ambapo uzito nao unasukuma kwenda majini, ongeza.

Kwa ufupi, juu ya jeki walipima chini ya sehemu moja ya sabini ya kazi ya breki, wakaipa cheti. Jeki ni ya kuangalia kama breki inang'ang'ania, kama beringi inalia, kama rimu imepinda. Basi.

Tulifungua magurudumu ya nyuma. Silinda ya upande wa kushoto ilikuwa inavuja, viatu vyote viwili vimelowa maji ya breki, vinang'aa kama vimepakwa samli. Mwenyewe akauliza kama haviwezi kupigwa msasa na kuoshwa kwa petroli. Hapana, kiatu kikishanyonya maji ya breki ni cha kutupa. Tukatia silinda mpya na viatu vipya pande zote mbili, tukatoa hewa.

Halafu nikawapakia wanagenzi watatu kiti cha nyuma, mwenyewe akaendesha, tukaenda kwenye kiwanja tambarare kisicho na watu. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kanyaga. Ikasimama, wanagenzi wakagonga vichwa kwenye mgongo wa dereva, na mmoja wao akaanza kulalamika kuhusu meno yake.