Mlango wa chumba cha Duncan

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuhariri filamu, haichukui muda kabla sijaulizwa ni filamu ipi ya Macbeth iliyo bora, yaani ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Uskoti anayechochewa na wachawi na mkewe amuue mfalme wake. Ziko nyingi, na kila mtu ana yake. Mimi siangalii mavazi, wala vita, wala namna wachawi walivyopambwa. Naenda moja kwa moja kwenye ule usiku ambao Mfalme Duncan anauawa akiwa mgeni ndani ya ngome ya Macbeth, kisha najiuliza swali moja: kamera iliingia chumbani au ilibaki nje?

Tamthilia yenyewe inabaki nje. Shakespeare aliiandika mnamo 1606 hivi, na alivyoupanga usiku huo ni kazi ya fundi. Macbeth anaona jambia likielea hewani, kengele inalia, anatoka jukwaani. Anaingia mkewe, peke yake, masikio yamemsimama. Bundi analia. Mama huyu aliyekuwa anajitapa muda si mrefu sasa anatuambia kwamba angemuua mfalme mwenyewe, ila yule mzee alipolala alifanana na baba yake. Mume anarudi na majambia mkononi. Yalitakiwa yaachwe karibu na walinzi ili wao wabebe lawama, naye hana ujasiri wa kurudi. Mke anayanyakua, anayapeleka, anatoka huko mikono imelowa damu. Wakati huo mtu anabisha hodi langoni. Mfalme amekufa, na sisi hatujaona hata kidole chake.

Wengine husema ni woga wa kuonyesha mfalme akichinjwa wakati James I yuko kwenye kiti cha enzi cha Uingereza, mwaka mmoja tu baada ya ile njama ya baruti ya 1605, ya kumlipua yeye pamoja na bunge. Huenda lilichangia, lakini halitoshi. Shakespeare huyuhuyu aliwahi kumuua Richard II, mfalme halisi wa Uingereza, mbele ya macho ya watazamaji. Na ndani ya Macbeth yenyewe Banquo, rafiki wa Macbeth, anauawa tukiona, na mtoto wa Macduff, mpinzani wake, pia. Damu haikuwa tatizo. Duncan alifichwa kwa makusudi, ili mtazamaji abaki na yule mwanamke, asubiri naye, na kidogokidogo ajikute anaomba mpango ufanikiwe. Hapo ndipo tunapoingizwa kwenye uhalifu bila kuulizwa.

Kwenye filamu mambo yanakuwa magumu zaidi. Jukwaani mlango ukifungwa umefungwa, hakuna anayelalamika. Lakini mtazamaji wa filamu anajua kamera inaweza kupita popote, kwa hiyo ukimnyima chumba kile lazima umpe kitu kingine kizito cha kushika.

Akira Kurosawa alikipata. Filamu yake ya 1957, inayojulikana Magharibi kwa jina la Throne of Blood, inaihamishia hadithi Japani ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, na haina hata mstari mmoja wa Shakespeare. Macbeth anaitwa Washizu, ameigizwa na Toshiro Mifune. Mkewe ni Asaji, Isuzu Yamada, ambaye uso wake umetengenezwa ufanane na kinyago cha Noh, maigizo ya jadi ya Japani: haukunji, haupepesi. Kwa kuwa bwana wao, ndiye Duncan wa hapa, amepewa chumba chao, wao wanalala kwenye chumba ambacho msaliti mmoja alijiua, na doa la damu yake limegoma kutoka. Asaji amewalewesha walinzi kwa pombe. Anamkabidhi mumewe mkuki, Washizu anatoka.

Kamera haimfuati. Inabaki na Asaji na lile doa. Unasikia hariri ya vazi lake ikisuguana anapotembea, halafu filimbi na ngoma za Noh. Hakuna kingine. Washizu anarudi akirudi kinyumenyume kama mtu aliyepigwa na radi, mkuki una damu, na vidole vyake vimekakamaa kiasi kwamba mkewe anaubandua mkuki mkononi mwake kwa nguvu. Kwa mhariri, hii ni sehemu ya kuonea wivu. Kishawishi cha kukata, hata kwa sekunde moja, uende ukaonyeshe kitanda cha bwana aliyelala, ni kikubwa mno. Kurosawa amekishinda, na matokeo yake unamwogopa Asaji kuliko unavyomwogopa muuaji.

Orson Welles naye alibaki nje, mwaka 1948, ingawa kwa njia nyingine. Aliipiga filamu yake kwa siku 23 kwenye studio ya Republic, iliyozoeleka kwa filamu za bei nafuu za wachunga ng'ombe, na mapango yake ya kuigiza yanaonekana wazi kuwa ya kuigiza. Lakini usiku wa mauaji aliupiga kwa shoti moja ndefu ya karibu dakika kumi, kabla ya tendo mpaka baada yake, bila kukata. Hukupewa nafasi ya kupumua. (Sauti za filamu nzima zina matatizo, wavumilivu tu ndio watakaofika mwisho.)

Roman Polanski, 1971, aliingia. Duncan anafumbua macho, anamwona aliyesimama juu yake, na hapo Macbeth, ambaye alikuwa bado anasitasita, anachoma na kuchoma tena. Taji linaanguka sakafuni. Wengi waliitazama filamu hii wakikumbuka kwamba miaka miwili nyuma mke wake, Sharon Tate, aliuawa na kundi la Charles Manson, na siwalaumu. Ila mimi naona uamuzi ule una mantiki yake ndani ya filamu. Macbeth na mkewe kwa Polanski ni vijana wenye sura nzuri, na dunia yao ni ya matope na kunyongana hadharani. Kumfichia mtazamaji kifo kimoja katikati ya vyote hivyo kungekuwa unafiki. Ninachomlaumu ni lile jambia: ameliweka kweli hewani, linang'aa, linaelea. Kitu kilichokuwa mashaka ya akili ya mtu kimegeuka kiinimacho.

Linganisha na Joel Coen, 2021. Macbeth wake, Denzel Washington, anatembea kwenye korido ndefu yenye nguzo, na mbele yake kunang'aa jambia. Anasogea, nasi tunasogea. Akifika, kumbe ni mpini wa mlango wa chumba cha Duncan. Anaushika, anafungua. Hakuna maelezo, hakuna maajabu ya kompyuta, na maneno yote ya Shakespeare kuhusu jambia lisiloshikika yamepata jibu la chuma. Baada ya hapo Coen anaingia ndani, mkono unamziba mfalme mdomo, jambia linamwingia shingoni. Sijui kama alihitaji kwenda huko. Ule mlango ulikuwa umeshamaliza kazi.

Justin Kurzel, 2015, aliingia na hatua moja mbele zaidi. Duncan analala ndani ya hema, Macbeth wa Michael Fassbender anamchoma, kisha Malcolm, mwana wa mfalme, anaingia na kumkuta muuaji kando ya maiti. Kwenye tamthilia Malcolm anatoroka kwa kuhisi tu, anajua kwamba tabasamu za wale waliomzunguka zina visu. Kwa Kurzel anatoroka kwa sababu ameona. Unapata mwanzo mzuri wa kumtisha mtazamaji, unapoteza ile hali ya kila mtu Uskoti kumshuku mwenzake bila ushahidi.

Gharama kubwa ya kuingia, hata hivyo, analipa mke. Kumbuka ni yeye aliyerudisha majambia. Alichokiona kule ndani sisi hatukukiona, na ndiyo maana akitembea usingizini baadaye na kushangaa kwamba mzee alikuwa na damu nyingi kiasi kile, maneno yale yanatugonga kama habari mpya. Mwongozaji akishatuonyesha kitanda, mke anatuambia tunachokijua. Mwigizaji anaweza kuwa hodari kiasi gani, onyesho limeshapungua uzito kabla hajafungua mdomo.

Kati ya walioingia, ninayemwona amefaidika kikamilifu ni Vishal Bhardwaj kwenye Maqbool ya 2003. Hadithi iko Mumbai, kwenye magenge ya wahalifu. Wachawi ni polisi wawili wala rushwa, Om Puri na Naseeruddin Shah, wanaopiga ramli ya nyota huku wakila na pande zote. Duncan ni Abbaji, bosi wa genge, na Nimmi, aliyeigizwa na Tabu, si mke wa Maqbool hata kidogo: ni hawara wa Abbaji. Maqbool, yaani Macbeth wa hapa, aliyeigizwa na Irrfan Khan, anapoingia na bastola, mwanamke yuko palepale kitandani, na damu inamrukia usoni. Bhardwaj hakumwacha nje akisubiri ili baadaye atusimulie. Kwa hiyo Nimmi anapokuja kusugua ukuta usio na doa lolote, ana ujauzito na hajui mtoto ni wa yupi kati ya wale wawili, kile anachojaribu kukifuta tulikiona kikimpata. Ukiwa huna muda wa kuziangalia zote, anza na hiyo, halafu ya Kurosawa, na uziangalie kwa usiku mbili tofauti.