Riwaya za mfululizo zinazokukesha: tunayoamini na ukweli wenyewe

"Nitafutie riwaya za mfululizo, ziwe tamu, nikianza nisiweze kuacha." Ombi hili nimelipokea mara nyingi kutoka kwa watu wasiojiita wasomaji. Husoma kitandani kabla ya kulala, safarini au siku ya mapumziko, kisha hupitisha miezi bila kugusa kitabu. Nami hulijibu kwa swali: mara ya mwisho hadithi ilipokukesha, iwe ya kitabu, ya filamu au ya kusimuliwa, ulikuwa unangoja kujua nini?

Wengi hawalitarajii swali hilo. Wanangoja majina ya vitabu, maana wamekuja na imani zao kuhusu riwaya za namna hii. Imani hizo ndizo zinazowafanya wachukue kitabu, wakiache ukurasa wa 40, na waondoke wakiamini kwamba kusoma si kwao. Hilo huniuma kila ninapolisikia.

"Kilichouzwa sana ndicho kitakachonikolea"

Mauzo yanakuambia kwamba kitabu kimewakolea wengine. Hayakuambii kimewakolea vipi, na hapo ndipo penye jambo. Riwaya pendwa, yaani zile zinazoandikwa ili kuburudisha, humshika msomaji kwa njia mbili zilizo mbali sana, na aliyeumbiwa moja anaweza kuchoshwa kabisa na nyingine.

Njia ya kwanza ni swali lililoachwa wazi. Sura inakatika mlango unapogongwa usiku. Kitabu kinaisha shujaa akiwa mikononi mwa adui. Ufundi huu ni wa kale: katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad anabaki hai kwa sababu kila alfajiri anakatiza hadithi panapoanza kunoga, na mfalme anamwacha aishi siku moja zaidi ili asikie kilichofuata. Walimu wa fasihi huiita taharuki. Mfululizo wa aina hii ni hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Mfano ulio wazi ni The Lord of the Rings: J. R. R. Tolkien aliiona kuwa riwaya moja, ila ilipochapishwa iligawanywa juzuu tatu, zikatoka kati ya 1954 na 1955. Anayefunga juzuu ya kwanza akalalamika kwamba hadithi haijaisha ana haki kabisa. Mwisho wake uko juzuu mbili mbele.

Njia ya pili ni mtu. Kesi inaisha ndani ya kitabu kilekile, muuaji anajulikana, kila fundo linafunguliwa, na bado kesho yake unatafuta kingine, kwa sababu umemkumbuka mhusika kama unavyomkumbuka rafiki. Georges Simenon aliandika riwaya 75 za mpelelezi Maigret, na unaweza kuokota yoyote ukaisoma peke yake. Ndivyo alivyo pia mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Ukishamzoea yeye na mwenzake Najum, fumbo lenyewe linakuwa kisingizio tu cha kukaa nao tena.

Sasa mchukue mtu anayependa jambo liishe kabla hajalala, umpe hadithi inayokwenda kurasa elfu kadhaa bila kituo. Au mchukue anayependa kuning'inizwa, umpe visa ambavyo kila kimoja kinafungwa vizuri. Wote wawili watasinzia, na kila kitabu kitalaumiwa bure. Ndiyo maana nauliza swali lile la mwanzo. Anayejibu "nilitaka kujua kama watatoroka" anahitaji mfululizo wa njia ya kwanza. Anayejibu "nilimpenda tu yule mzee" anahitaji wa njia ya pili. Kujua hilo kunasaidia kuliko orodha yoyote ya vitabu mashuhuri.

"Lazima nianze na namba moja"

Kwa hadithi moja ndefu, ndiyo, bila mjadala. Kwa vitabu vinavyojitegemea, hapana, na mara nyingi cha kwanza ndicho dhaifu, kwa kuwa mwandishi alikuwa bado anamtafuta mhusika wake. Mfululizo wa Discworld wa Terry Pratchett una riwaya 41, zilizotoka kati ya 1983 na 2015, na wapenzi wake wengi humshauri mgeni aanzie katikati.

Isitoshe, namba iliyo kwenye jalada inaweza kukupoteza. Vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis vilitoka kati ya 1950 na 1956. The Magician's Nephew kilitoka mwaka 1955, kikiwa cha sita, lakini matoleo mengi ya sasa yanakipa namba moja kwa sababu matukio yake yanatangulia. Tatizo ni kwamba kinaeleza asili ya mambo ambayo kitabu cha 1950 kilikusudia yakushangaze. Ukikianza hicho, unapewa jibu la kitendawili ambacho hujategewa. Pale mpangilio unapohitajika, kanuni yangu ni moja: fuata mwaka wa kuchapishwa. Mwandishi alijua msomaji wake ameshasoma nini.

Ila kuna kitabu kimoja ambacho namsihi kila mtu asikiguse mapema. Agatha Christie alimleta Hercule Poirot mwaka 1920, na kisa cha mwisho cha mpelelezi huyo, Curtain, kikatoka 1975. Visome vingine kwa mpangilio wowote unaotaka. Hicho kiache mwisho.

"Kitabu kinachoteka hivyo ni cha kupoteza muda tu"

Hii ndiyo dhana iliyowafunga midomo wasomaji wengi, wakawa wanasoma riwaya za upelelezi au mapenzi kwa kujificha, kana kwamba wanaiba. Historia haiiungi mkono. Charles Dickens, anayefundishwa leo vyuoni, alipata jina kwa The Pickwick Papers, iliyotoka kwa vipande vya kila mwezi kuanzia 1836. Ilianza kwa nakala chache, na ilipomalizika mwaka uliofuata kila kipande kilikuwa kikiuzwa karibu nakala 40,000. Alexandre Dumas aliiachia The Count of Monte Cristo kidogo kidogo ndani ya gazeti la Ufaransa kuanzia 1844 hadi 1846. Watu walinunua gazeti ili wajue kilichompata mfungwa wa hadithi hiyo. Kazi tunazoziita kuu leo ziliandikwa makusudi ili msomaji asiweze kuziacha.

Na kuandika hivyo ni kazi ngumu. Mwandishi anapaswa kujua ni taarifa gani aifiche, aifiche mpaka lini, na aidokeze vipi ili ikifichuka usijione umedanganywa. Lugha inapaswa kuwa nyepesi kiasi cha kutoonekana. Anayedhani ni rahisi ajaribu kuandika ukurasa mmoja tu utakaomfanya mtu mwingine augeuze kwa hamu.

Uchungu wa wasomaji nao ni wa kweli. Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika kisa cha Desemba 1893, na wasomaji walimkasirikia vibaya. Miaka minane baadaye alikubali kumwandika tena katika kisa kinachotangulia kifo hicho, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Mtu aliyebuniwa kwa wino alilazimika kufufuka kwa sababu waliompenda walikataa kumwacha aende.

"Nikikianza ni lazima nikimalize"

Si lazima. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl alipendekeza kanuni ninayoipenda: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukiwa umepita miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa unazopaswa kukivumilia. Kwa riwaya pendwa, kurasa 50 ni nyingi mno kwa maoni yangu, maana kazi yake ya kwanza ni kukushika. Kitabu ulichokilazimisha kinakaa kando ya kitanda kwa miezi na kuzuia kingine ambacho kingekukesha.

"Kadiri mfululizo unavyokuwa mrefu ndivyo uhondo unavyozidi"

Jambo moja ambalo wapendekezaji husahau kulisema ni kama hadithi imekwisha. George R. R. Martin alianza A Song of Ice and Fire mwaka 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na cha sita bado kinasubiriwa. Ni kazi nzuri sana, lakini mtu anayetafuta mfululizo wa kumrudisha kwenye kusoma anastahili kuambiwa hilo kabla hajaanza. The Wheel of Time ilianza 1990, na mwandishi wake, Robert Jordan, akafariki 2007 kabla ya kuimaliza. Brandon Sanderson aliichukua, akatoa vitabu vitatu vya mwisho, na cha 14 kikafunga hadithi mwaka 2013. Hiyo imekamilika, ingawa wengi waliopita humo watakuambia kwamba katikati mwendo unapungua sana.

Kwa msomaji wa mara mojamoja, mimi huanza na mifululizo ya vitabu vitatu hadi saba, iliyokamilika. Ni mirefu kiasi cha kumzoea mtu, na mwisho wake unaonekana kutoka mbali.

"Nikikaa miezi bila kusoma, itabidi nirudie mwanzo"

Hofu hii huwaua wengi kati ya kitabu cha pili na cha tatu. Waandishi wa riwaya hizi wanajua kwamba umesahau. Ndiyo maana kurasa za mwanzo za kitabu kinachofuata hukutajia tena nani ni nani, nani amekufa na nani anamdai nani. Soma sura mbili za mwisho za kitabu ulichokiacha, kisha fungua kipya. Kufika sura ya tatu, sauti za wahusika zinakuwa zimesharudi, na majina mawili matatu yaliyokupotea yatajieleza yenyewe njiani.