Pampu ya maji ya umeme kwenye Altezza na wenzake: yanayosemwa gereji za Mbeya na ukweli wake

Altezza, Mark II ya turbo au Subaru WRX ikishajulikana mjini kuwa inachemsha, haikosi mtu wa kumshauri mwenyewe afunge pampu ya maji ya umeme, yaani inayosukuma maji ya kupooza injini kwa mota badala ya mkanda. Ushauri wenyewe si mbaya. Tatizo liko kwenye sababu zinazotolewa, maana nyingi si za kweli, na anayefunga pampu kwa sababu isiyo ya kweli anaweza kubaki na silinda hedi iliyopinda na hela imeshakwenda. Naanza na dhana inayotugusa zaidi sisi wa nyanda za juu.

"Mbeya baridi, gari haliwezi kuchemsha"

Hewa ya baridi inaisaidia rejeta, hilo halina ubishi. Lakini mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage huku yanakaa jikoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Kwenye gari, kinachozuia maji yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa bar 0.9, ambao ni wa kawaida kwa magari ya Kijapani, unayashikilia maji mpaka karibu nyuzi 115 hata huku juu. Mpira wake ukikauka usishike presha, unarudi kwenye 94, wakati themostati yenyewe, vali inayoyaruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye 82 au 88. Nafasi inayobaki ni ndogo mno kwa gari la kupanda milima. Katika mfumo mzima hakuna kitu cha bei ndogo kama huo mfuniko, na ndio wa kuangaliwa kabla ya kufikiria pampu.

Tena hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo kila lita ya hewa inayopita kwenye rejeta inabeba joto pungufu.

Halafu fikiria mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa kwenda Dar es Salaam. Uko nyuma ya malori, gia ya pili, mguu umekanyaga mafuta, hewa ya mwendo hakuna. Wota pampu ya mkanda inazunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, pampu nayo inasukuma kidogo, ingawa joto ni jingi. Hapo pampu ya umeme inastahili sifa zake zote. Yenyewe inafuata joto, haijali injini inazunguka kiasi gani.

"Maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa"

Hii nimeisikia Mwanjelwa, nimeisikia Ipogolo, na wanaoisema ni mafundi wazuri. Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua injini inayotupa kilowati 60 za joto kwenye maji. Maji yakipita lita 50 kwa dakika, tofauti kati ya yanayoingia kwenye rejeta na yanayotoka itakuwa kama nyuzi 17. Ukiyapitisha lita 100 kwa dakika, tofauti inashuka hadi nyuzi 9 hivi. Sasa fundi akishika mpira wa juu na wa chini wa rejeta, yote anaiona ya moto, anasema rejeta haipoozi. Kumbe imepooza vilevile, tena vizuri zaidi: rejeta nzima mpaka chini imekuwa ya moto, na kadiri inavyoizidi hewa kwa joto ndivyo inavyotoa joto zaidi. Ndani ya injini nako, silinda ya kwanza na ya mwisho zinakaribiana joto.

Chanzo cha dhana hii ni mambo mawili ambayo yanatokea kweli. Mpira wa chini uliolegea unanyonywa na pampu kwenye mizunguko mikubwa mpaka unabonyea, njia inaziba. Na pampu ya mkanda ikizunguka kupita kiasi, maji yanapasuka viputo kwenye mapanga yake na msukumo unakufa. Kwa macho inaonekana kasi ya maji ndiyo mbaya, lakini hapo maji hayaendi kabisa.

"Toa themostati, tatizo limekwisha"

Kijana mmoja aliingia gereji na Altezza yake, na mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo fundi. Naomba unitolee tu hiyo themostati, inanichemshia nikipanda kilima cha Iwambi."

"Marahaba. Nikiitoa, mwanangu, Iwambi utapanda unachemsha vilevile."

Fundi akaifungua, akaifunga uzi, akaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, kipimajoto pembeni. Ilibaki imefumba mpaka mvuke ukawa mzito, kisha ikaanza kuachia taratibu, na kabla maji hayajachemka ilikuwa wazi yote. Themostati nzima. Iliyooza ilikuwa rejeta, ambayo nusu ya mirija yake ilikuwa imejaa kutu.

Kwa pampu ya mkanda, kuitoa themostati ni kosa. Injini nyingi za Toyota zina njia fupi ya maji kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na themostati ikifunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, maji mengine hayafiki rejeta kabisa. Na asubuhi za Juni na Julai injini inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta na kujichakaza.

Kwa pampu ya umeme yenye kontrola yake, mambo yanageuka. Kontrola ndiyo inayofanya kazi ya themostati: injini ikiwa baridi pampu inasukuma kidogo na kupumzika, joto likikaribia ulilolipanga inaongeza kasi. Watengenezaji kama Davies Craig wa Australia huelekeza themostati itolewe. Lakini ile njia fupi lazima ishughulikiwe, izibwe au ibanwe, la sivyo umerudi palepale. Wanaofunga pampu ya umeme bila kontrola, inazunguka mwanzo mwisho kwa swichi, na themostati wameitoa, wanaendesha injini baridi kila asubuhi Mbeya nzima ikiwa na ukungu. Sikubaliani nao hata kidogo.

"Inaongeza farasi"

Kidogo, na kwenye mizunguko ya juu tu. Nguvu ya kuzungusha pampu ya mkanda inapanda haraka sana: mizunguko ikiwa mara mbili, pampu inakula mara nane. Huo mzigo unauondoa. Ila umeme nao unatoka kwenye alteneta, na alteneta inazungushwa na injini hiyohiyo. Pampu inayovuta ampea 10 inaugharimu mkanda kama wati 250, theluthi ya farasi mmoja. Unabakiwa na faida, lakini ni ya farasi wachache, na anayeifuata hiyo peke yake ni bora hela yake aiweke kwenye matairi.

Namba za kwenye boksi nazo zisikudanganye. Kwenye pampu za Davies Craig, namba za EWP80, EWP115, EWP150 ni lita kwa dakika, ila ni lita za pampu isiyo na kizuizi kikubwa mbele yake. Ukishaweka rejeta, injini na mipira yenye kona, kinachopita ni pungufu. Kwa injini ya lita mbili yenye turbo, chukua yenye akiba.

"Ukishafunga, ng'oa pampu ya zamani"

Hii inaua injini. Kwenye injini ya EJ20 ya Subaru na 3S-GE ya Altezza, wota pampu inazungushwa na taiming beliti, mkanda unaoendesha valvu, na puli yake ni sehemu ya njia ya beliti hiyo. Ukiing'oa, beliti inalegea, inaruka meno, na kwenye EJ20 ya turbo valvu zinapinda. Kinachotolewa ni mapanga ya ndani tu, ili yasizuie maji. Nyumba, puli na beringi vinabaki. Beringi iwe mpya, maana itaendelea kuzunguka kama zamani.

"Funga popote penye nafasi"

Pampu hizi hazinyonyi hewa zikaja kuvuta maji. Zinakaa chini, kwenye mpira wa kutoka chini ya rejeta kuelekea injini, mbali na turbo na ekzosi. Umeme wake utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi na rilei, kwa waya mnene. Kuuiba kwenye waya wa taa ni kuomba waya uyeyuke usiku ukiwa Chimala.

Kutoa hewa ndipo pampu hii inaponifurahisha. Inua pua ya gari kwa jeki, mfuniko wazi, injini imezimwa, kisha iwashe pampu peke yake. Minya mpira wa juu taratibu, viputo vinapanda vikubwa, halafu vidogo, halafu maji yanatulia, unaongeza kulanti. Kulanti, si maji ya bomba: maji matupu yanabeba joto vizuri kweli, ila yanaleta kutu na kula aluminiamu, na kwa wanaopanda Kitulo au kulala Makete msimu wa baridi, yanaweza kuganda.

"Ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima inamaliza betri"

Kontrola ikiiacha pampu izunguke dakika tatu baada ya injini kuzimwa, kwa ampea 10 hiyo ni nusu ya ampea-saa. Kwa betri ya 45 Ah hiyo ni kama asilimia moja, na turbo yako imepozwa badala ya kuachwa iunguze oili.

"Hivi ni vitu vya mashindano, havifai gari la kila siku"

Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2009, ilitoka kiwandani na pampu ya umeme, injini yake haina mkanda hata mmoja. BMW walikuwa wameshaanza miaka kadhaa kabla, kwenye injini ya N52.

Tofauti ni kwamba magari hayo kompyuta inaijua pampu na itamwambia dereva ikifa. Yako haitasema. Pampu ya mkanda ikichoka huwa inalia beringi au inadondosha maji siku kadhaa. Ya umeme fyuzi ikikatika inanyamaza hapohapo, na dakika chache kwenye Kitonga zinatosha kuharibu gasketi. Usiitegemee geji peke yake, kwa sababu maji yakivuja yote sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kuonyesha joto la chini wakati chuma kinaungua. Funga taa nyekundu kwenye dashibodi inayowaka pampu ikikosa umeme, na sensa ya kiwango cha maji kwenye sehemu ya juu kabisa ya mfumo, ikiwa na king'ora cha kusikika hata redio ikiwa juu.