Mtoto mtoro, mwalimu kahama: tunayosema na yaliyopimwa

Nilifundisha miaka minne katika shule ya msingi iliyo mbali na lami, na kwa miaka yote hiyo matatizo yetu yalikuwa na maelezo mawili tu. Mtoto akiacha shule, wazazi wa huku hawathamini elimu. Mwalimu akihama, mshahara mdogo. Mratibu elimu kata aliyasema, mwenyekiti wa kijiji aliyasema, nami niliyarudia vikaoni bila kupepesa macho. Baadaye nikaanza kusoma tafiti zilizofanyika katika shule zinazofanana na ile yetu. Nilikuta mambo yamekaa vingine.

"Wazazi hawathamini elimu"

Kenya ilipofuta ada za shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Tanzania ilikuwa imefuta ada za msingi mwaka 2001, na huku nako madarasa yalifurika. Wazazi walikuwa walewale. Kilichoondolewa ni ada.

Na ada ni mlango tu. Ukishaingia kuna sare, daftari, mchango wa uji, mitihani ya majaribio. Baba anayemwambia mwanawe abaki na ng'ombe wiki hii kwa sababu kaka yake anaumwa hajaikataa shule; amepiga hesabu ya wiki moja. Shida ni kwamba mtoto akirudi anakuta wenzake wamevuka kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili. Anaitwa ubaoni, anashika chaki, anasimama. Darasa linacheka. Jumatatu inayofuata haji, na safari hii hakuna aliyemtuma machungani.

Huko magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328. Katika baadhi yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Walioacha shule wakapungua. Kabla ya hapo, huko Busia, Kremer na Edward Miguel walikuwa wamefuatilia shule 75 zilizogawiwa dawa za minyoo kwa awamu, na utoro ukapungua kwa takriban robo. Dawa ya minyoo! Sisi kwa utoro huohuo tulikuwa tunaita wazazi mbele ya kamati na kuwatisha kwa mahakama ya mwanzo.

"Mimba ndiyo inayowatoa wasichana"

Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilinukuliwa ikisema kwamba wasichana zaidi ya 120,000 huacha shule Tanzania kila mwaka, na kati yao 6,500 ni kwa sababu ya ujauzito au kuzaa. Wengine wote wameondokea wapi? Kwenye ndoa walizopangiwa na mashangazi, kwenye kazi za ndani mjini, kwenye jiko la nyumbani, na hakuna aliyewaitia mkutano.

Utafiti ule wa sare ulionyesha jambo jingine. Katika miaka mitatu, wasichana waliopata mimba walishuka kutoka kama 16 kati ya kila 100 hadi 13, kwa nguo tu. Kuwafundisha walimu somo la ukimwi peke yake hakukupunguza mimba. Sare iliwabakiza darasani, kwa hiyo huenda mara nyingi mpangilio ni kinyume cha tunavyousimulia: msichana anatoka shuleni kwanza, mimba inamkuta nyumbani.

Wale 6,500 nao si wachache, na kwa miaka mingi mlango ulifungwa nyuma yao. Ilikuwa hadi tarehe 24 Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wataruhusiwa kurudi katika shule za serikali.

"Mpe mwalimu zawadi, matokeo yatapanda"

Yanapanda, kidogo, kisha inategemea umezawadia nini. Magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 walimu waliahidiwa zawadi kwa alama za wanafunzi. Vipindi vya kukaririshana mitihani viliongezeka, mahudhurio ya walimu hayakubadilika, na faida haikudumu. Tanzania, mradi wa KiuFunza katika shule 350 mwaka 2013 na 2014 ulijaribu njia tatu: fedha kwa shule, bonasi kwa mwalimu, na vyote pamoja. Fedha peke yake hazikuongeza chochote katika kujifunza. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi.

"Walimu wanakimbia kijiji kwa sababu ya mshahara"

Hii ni nusu kweli, ndiyo maana haifi. Gambia mwaka 2006 ilianza kuwalipa walimu wa shule za mbali posho ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara, na walimu wenye sifa wakaongezeka katika shule hizo. Pesa inavuta. Lakini mwezi Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, Kenya, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa kaskazini mashariki, na hapo posho ya mazingira magumu haikuwa na la kusema.

Kwetu hakukuwa na risasi. Kulikuwa na nyumba moja ya mwalimu kwa walimu saba, na benki mjini. Mshahara ukiingia, basi lilikuwa moja, saa kumi na moja alfajiri, na kurudi ni kesho yake kama mvua haijanyesha. Kila mwisho wa mwezi madarasa matatu yalibaki na viranja. Siku hizi wakala wa simu amepunguza safari hizo, ingawa naye huishiwa pesa tarehe hizohizo.

Mwalimu wetu wa hesabu alilala miezi minane katika chumba cha stoo ya mahindi ya mwenye nyumba. Panya walikula vyeti vyake viwili. Aliomba nyumba, akaambiwa asubiri. Akaomba uhamisho, akajaza sababu ambayo fomu inaipokea haraka: kumfuata mwenza. Hakuwa na mwenza. Mtu wa takwimu akifungua jalada lake leo atahesabu ndoa moja. Mshahara wake haukubadilika hata shilingi huko alikohamia, ila alipata chumba chenye dirisha. Darasa la saba walimbebea godoro hadi barabarani.