Elgin yupi? Mkimya wa Broomhall na ardhi ya Nyanda za Juu

Katika nyaraka za ardhi za Kenya ya kikoloni kuna maneno yanayorudi kila mara: "ahadi ya Elgin", yaani ile kauli kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi ya Nyanda za Juu, eneo ambalo walowezi wa Kizungu walilitaka liwe lao. Naulizwa sana, Elgin yupi? Si ajabu watu wakichanganya. Babu ndiye aliyezing'oa sanamu za hekalu la Parthenon kule Athens. Baba aliamuru kasri la wafalme wa China lichomwe moto mwaka 1860. Wetu ni mjukuu, Victor Alexander Bruce, Earl (cheo cha ulodi) wa 9 wa Elgin.

Alizaliwa Montreal mwaka 1849, baba yake akitawala Kanada, akarithi cheo akiwa na miaka 14. Makao ya ukoo ni Broomhall, jimboni Fife, Scotland. Vyeo vyake vya mwanzo havina uzito. Mwaka 1894 alipelekwa India kuwa Makamu wa Malkia, njaa na tauni zikamkuta huko. Aliporudi, akaongoza tume ya kuchunguza Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini.

Desemba 1905 akawa Waziri wa Makoloni. Mwaka huohuo Himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya baadaye, ilikuwa imehamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Makoloni, hivyo faili za Nairobi zikaja mezani kwake. Yeye alikaa Bunge la Malodi. Naibu wake, kijana Winston Churchill, ndiye aliyeisemea wizara katika Bunge la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, na sauti yake ikamfunika bosi.

Ila kalamu ilikuwa ya bosi. Walowezi walitaka Wahindi wasipewe ardhi ya Nyanda za Juu. Elgin hakutunga sheria ya kuwazuia, maana nao walikuwa raia wa Mfalme. Katika barua za 1906 na 1908 alisema tu kwamba, kwa urahisi wa kiutawala, serikali isiwagawie ardhi huko. Kwangu mimi huo ndio ujanja wenyewe: sheria ungeweza kuipinga mahakamani, lakini "urahisi" utaupingia wapi? Wamaasai na Wakikuyu hata hawakuulizwa. Ardhi yao ilikwisha kuhesabiwa kuwa ya Taji, yaani mali ya serikali ya Mfalme.

Barua ya pili ni ya Machi 1908. Mwezi uliofuata Asquith, Waziri Mkuu mpya wa Uingereza, aliunda serikali yake, Elgin akaachwa nje. Akarudi Broomhall, akafia huko Januari 1917. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu ikawekwa rasmi kisheria, ikakaa hadi uhuru ulipokaribia.